Koti la Anayesemwa

Wageni wa mtaa ule waliopeleka nguo kwa Dada Fundi kwa mara ya kwanza walikuwa na kawaida ya kusita mlangoni, suruali mkononi, wakijiuliza waingie au waite polisi. Kelele za ndani zilikuwa za watu wanaotaka kushikana mashati. Ukiingia ndipo unagundua kwamba hakuna aliyeguswa, chai imeshamiminwa, na ugomvi wenyewe unamhusu waziri ambaye hayupo na wala hajui kama duka hilo lipo duniani.

Dada Fundi mwenyewe hakuwa msemaji. Alikanyaga cherehani yake, alikata, alipiga pasi, na akiulizwa maoni alijibu kwamba mdomo wake umejaa pini, jambo ambalo mara nyingi lilikuwa kweli. Wasemaji walikuwa wanne. Fundi viatu alikuwa na kijibanda chake pale pale mlangoni, na kwa kuwa alishika nyundo mchana kutwa na kuigonga kila mtu alipovuka mpaka, walimwita Spika. Mzee Redio, dereva mstaafu, alitembea na kiredio chake mfukoni na alikuja "kupumzisha miguu", ingawa hakuna aliyejua miguu hiyo ilichoshwa na nini. Mwalimu, mama wa makamo kutoka shule ya jirani, aliingia kila alipopata kipindi kitupu. Wa nne alikuwa Bucha, muuza nyama wa ng'ambo ya barabara, aliyekuja na aproni yake na kusimama karibu na dirisha ili asikilize siasa kwa sikio moja na kuchungulia wateja kwa jicho moja.

Duka lile lilikuwa na desturi ambayo hutaikuta kwingine. Siku moja, miaka ya nyuma, walikuwa wakimchambua mkubwa fulani mpaka akabaki mifupa. Mzee Redio akanyanyuka akasema, "Jamani, huku si kujadiliana. Huku ni kusengenya. Mtu hayupo, hana wa kumsemea, nasi tunamla nyama tu."

"Ikiwa ni nyama mngenunua kwangu," akasema Bucha.

Lakini neno lile liliwaingia. Ukutani palining'inia koti la kijivu la bwana harusi mmoja aliyebadili mawazo na asirudi kuchukua nguo wala bibi harusi. Mzee Redio akalishusha, akalivaa, akaketi kwenye kiti cha wateja, akasema, "Haya, mimi ndiye mheshimiwa. Niulizeni." Tangu siku hiyo ikawa sheria. Hasemwi mtu bila koti kuvaliwa. Anayelivaa hujibu kwa niaba ya anayesemwa, na hujibu kwa moyo wote kadiri awezavyo, haruhusiwi kujitia mjinga. Wanaouliza wanauliza, hawatukani. Pasipo koti hakuna hoja, na nyundo ya Spika ilihakikisha hilo.

Nalisema hili mapema ili usije ukawaona watu hawa kama wavivu wa kupiga soga. Walikuwa wavivu wa kupiga soga, sikatai, ila walikuwa na utaratibu.

Mwaka huo ukumbi mpya wa kungojea wagonjwa katika hospitali kubwa ya mji uliporomoka paa. Ulikuwa umefunguliwa kwa matarumbeta na utepe, wageni wa heshima wakapiga picha chini ya paa lile lile. Lilianguka alfajiri, wagonjwa wakiwa hawajafika, na ndiyo maana nchi haikuvaa nguo nyeusi. Aliyekuwa chini yake alikuwa mlinzi mmoja tu. Akatolewa mzima, mguu umevunjika vibaya. Mlinzi huyo alikuwa kaka yake Bucha.

Wizara ikasema kosa ni la mkandarasi. Mkandarasi akasema upepo. Watu wa hali ya hewa wakasema upepo wa alfajiri ile haukuweza hata kuzima kiberiti. Mpira ukapigwa huku na huku mpaka ukatua kwa mkaguzi wa majengo, mtu asiyetajwa jina, ambaye ndiye aliyepitisha ukumbi ule kuwa salama. Kamati ya uchunguzi ikaundwa, ikatangazwa kwamba itasikiliza mashahidi hadharani na redio zitarusha.

Mkaguzi huyo alikuwa mdogo wake Dada Fundi, wa tumbo moja.

Dukani hawakujua. Walimfahamu kidogo tu, kijana mpole aliyepita mara moja moja kumsalimu dada yake, na kwa kuwa watoto wa Dada Fundi walimwita mjomba, nao walimwita Mjomba. Walijua anafanya kazi za ofisini, basi. Wazazi walipofariki alikuwa bado na kaptura ya shule, na ni cherehani ile ile iliyomlisha, ikamvisha, ikamfikisha chuoni. Dada Fundi alimpenda kama mtu anavyopenda mtoto na ndugu kwa pamoja, nami sijui upendo mzito kuliko huo.

Jumapili kabla ya wiki ya kamati, Mjomba alikuwa amekuja nyumbani kwa dada yake, akakaa jikoni, akamweleza kila kitu. Hakupanda juu kulikagua lile paa. Sasa wakubwa wake wamemwita, wakampangia maneno ya kusema mbele ya kamati: kwamba alipanda, akalikuta imara, na kilichotokea ni ajali isiyotarajiwa. Akisema hivyo atalindwa. Akisema vingine, kazi imekwenda, na pengine mahakama inafuata. "Nifanye nini, dada?" akauliza.

Dada Fundi aliyekuwa akimenya viazi akakaza macho kwenye kisu. "Sema wanavyotaka, mdogo wangu," akamwambia. "Kaa kimya upite."

Alilisema kwa mapenzi. Kisha hakulala vizuri tena, na kila Bucha alipoingia dukani akitoka kumwona kaka yake, yeye alijaza pini mdomoni hata pasipokuwa na kitu cha kubana.

Siku ya mjadala wa mkaguzi, koti lilikosa mvaaji. Mzee Redio, ambaye aliwahi kulivaa kwa ajili ya mawaziri, majaji na hata kocha wa timu ya taifa, alikataa katakata. "Mwenzetu huyu ana kaka wodini," akasema akimwonesha Bucha kwa kidevu. "Mimi nitamtetea vipi huyo mkaguzi mbele yake? Nina aibu zangu."

"Basi hoja imeahirishwa," Spika akagonga.

"Haiwezi kuahirishwa!" Mwalimu akaruka. "Kamati inakaa wiki hii. Tumsubiri mpaka lini?"

"Mwacheni," Bucha akasema kwa sauti ya chini. "Asiyekuwa na wa kumsemea, ni kwa sababu hana la kusema."

Hapo ndipo Mjomba alipoingia. Alikuwa amesimama nje ya mlango kwa muda, nyuma ya mgongo wa Spika, na aliyasikia yote. Aliwaamkia wazee, akamsalimu dada yake, kisha akanyoosha mkono ukutani.

"Nipeni mimi," akasema.

Mkasi wa Dada Fundi ukakwama katikati ya kitambaa. Alijua angeweza kumzuia. Angeweza kusema njoo hapa unishikie utepe wa kupimia, angeweza kudondosha pasi. Hakufanya lolote, na baadaye kila alipojiuliza kwa nini, alipata jibu moja tu, kwamba alichoka kuogopa.

Wengine walifurahi. Damu mpya! Koti lilikuwa pana kwake mabegani na mikono ilimfunika hadi vidoleni, Mzee Redio akacheka kwamba serikali imekonda. Mwalimu akavuta kiti.

"Bwana mkaguzi, ule ukumbi uliukagua?"

"Niliukagua."

"Ulikagua nini na nini?"

"Kuta. Milango. Sakafu. Njia za maji."

"Na paa?"

"Paa nililitazama."

"Ukiwa umesimama wapi?"

"Chini."

Duka likalipuka kwa kicheko. Spika aligonga nyundo huku naye akicheka. "Huyu anaijua kazi!" akasema. Mzee Redio akakubali kwa shingo upande kwamba jibu ni zuri, ingawa yeye angelitoa kwa madaha zaidi.

"Kwa nini hukupanda?" Mwalimu akaendelea, amenogewa. "Ngazi haikuwepo?"

"Ilikuwepo. Imeegemezwa ukutani kabisa. Mkubwa wangu alikuwa amesimama kando yake, akatazama saa. Akaniambia wageni wanakuja kesho, watu wa mapambo wanangoja tuwapishe, na wewe unataka kuchafua suruali? Nikacheka." Mjomba akavuta mikono ya koti iliyomfunika vidole. "Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kwamba nilicheka."

"Kumbe basi mwenye kosa ni mkubwa wako. Wewe ni mbuzi wa kafara."

"Mkubwa wangu ana lake la kujibu. Lakini hakunishika mguu. Ngazi ilikuwepo."

Wakampigia makofi. Ndiyo, makofi. Watu wale walizoea kumsikia mmoja wao akisema maneno ya mwingine, kiasi kwamba mtu alipoketi mbele yao akasema ya kwake mwenyewe, walimsifia uigizaji. Spika akasema tangu koti lianze kuvaliwa hajasikia mkubwa akijibu hivyo, na Mwalimu akasema ndiyo shida ya mchezo wenyewe, wakubwa wa kweli hawajibu hivyo. Dada Fundi alitaka kulia na kuwapigia kelele wanyamaze, akashindwa vyote viwili.

Bucha hakupiga makofi. Aliacha dirisha, akaja mbele ya kiti.

"Nami nina swali," akasema. "Mkaguzi, yule mlinzi uliyemwangushia paa, umeshakwenda kumwona?"

"Nilikwenda."

"Ulikwenda?"

"Nilifika mlangoni mwa wodi. Nikamwona amelala, mguu umening'inizwa kwa kamba. Mkewe amesinzia kwenye kiti, kichwa ukutani, kanga ya njano imemdondoka mabegani. Nilitaka niingie nimwokotee. Nikashindwa. Nikarudi zangu."

Mzee Redio alikuwa ameshaanza kucheka, akaona uso wa Bucha, akakatisha.

"Ile kanga," akasema Bucha taratibu, "nilimwokotea mimi. Nilitoka nje kununua maji, niliporudi nikaikuta chini." Akamwinamia. "Wewe umeijuaje?"

Mjomba akamtazama. "Ni mimi," akasema.

Bucha ni mtu mkubwa, na siku hiyo aproni yake ilikuwa na damu ya kazi, na mikono yake ni ile inayotenganisha paja na nyonga kwa pigo moja. Dada Fundi alijikuta amesimama kati yao bila kujua alivyofika. "Ni mdogo wangu," akasema. "Ni mdogo wangu, tafadhali."

Bucha hakumwangalia. Alikuwa akimwangalia Mjomba, na taya lake likitembea.

"Vua koti," akasema hatimaye.

"Samahani?"

"Vua hilo koti! Hilo ni la kuwasemea watu wasiokuwepo. Wewe upo. Jisemee mwenyewe." Kisha akafungua kamba ya aproni nyuma, akaitupa juu ya meza ya kukatia. "Twende ukamalize ule mlango."

Dada Fundi akashika mkoba wake awafuate, Bucha akamzuia. "Baki, dada. Nauza nyama, sili watu."

Wakaondoka wawili hao, mmoja mpana na mmoja mwembamba, wakavuka barabara bila kusemezana. Duka la nyama likabaki wazi bila mtu. Mzee Redio, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, akapata kazi ya kuitumikisha miguu yake: alikwenda kulilinda.

Yaliyosemwa wodini Dada Fundi hakusimuliwa yote. Mjomba alirudi jua likielekea kuzama, akaketi sakafuni karibu na cherehani kama alivyokuwa akiketi enzi za kaptura, akaegemeza kichwa kwenye mguu wa meza. Alisema tu kwamba aliingia, akajitaja, akaomba msamaha, na kwamba hakufukuzwa. Kisha akasema, "Dada, kule kwenye kamati siwezi tena kusema yale."

Moyo wa Dada Fundi ulishuka, na papo hapo, sijui nieleze vipi, ukapata nafuu. Alimwekea mkono kichwani. Hakuthubutu kutoa ushauri mwingine.

Siku ya kamati, kiredio cha Mzee Redio kiliwekwa juu ya rundo la vitambaa na hakuna aliyenywa chai. Walisikiliza mashahidi wa mwanzo mmoja baada ya mwingine. Taratibu zilifuatwa. Hatua zilichukuliwa. Maelekezo yalitolewa. "Na nani?" Mwalimu akakifokea kiredio. "Zilichukuliwa na nani?" Kwa jinsi walivyosema ungedhani jengo lile lilijijenga, likajikagua, likajizindua, kisha likachoka likaanguka.

Halafu ikaja sauti ambayo Dada Fundi aliifahamu tangu ikiwa ya kitoto. Mwenyekiti akamuuliza kama paa lilikaguliwa.

"Sikulikagua," sauti ikasema. "Nilipaswa kupanda, ngazi ilikuwepo, sikupanda. Mkubwa wangu aliniharakisha na nikakubali kuharakishwa. Na wiki iliyopita nilipewa maneno ya kuja kusema hapa, mbele yenu. Siyasemi."

Mwenyekiti akauliza ni nani waliompa. Akawataja, wote, kwa vyeo vyao. Ukumbi wa kamati ukavuma kwenye kiredio kile kidogo mpaka kikakoroma. Dukani hakuna aliyepiga makofi safari hii. Spika aliinamia kiatu cha mtu akakishona pasipohitaji kushonwa, na Mwalimu akamshika Dada Fundi mkono akautuliza mapajani mwake mpaka kikao kilipoisha.

Mjomba alimwaga unga, kama ilivyotarajiwa. Waliotajwa wakaitwa mbele ya kamati, wawili wakasimamishwa kazi, mmoja akapelekwa mahakamani pamoja na mkandarasi, na kuhusu Mjomba mwenyewe wakasema watamwita watakapoamua. Bado wanaamua. Siku hizi anasimamia mafundi wa nyumba ndogo ndogo kwa mtu binafsi, na mafundi hao wanalalamika kwamba hakuna paa asilopanda.

Kule dukani hawakumhurumia hata chembe. Aliporudi kuwasalimu, walimjadili akiwepo, tena bila aibu. Mwalimu akasema kufukuzwa alistahili, kusema ukweli hakufuti kosa. Mzee Redio akasema aliyesema ukweli peke yake asingepaswa kupoteza kazi wakati wengine wamejificha. Wakamgeukia yeye mwenyewe atoe uamuzi, naye akasema yupo upande wa Mwalimu. Mzee Redio akaudhika, akasema haiwezekani mtu amtetee mtu na mtu huyo amwangushe mtetezi wake. Dada Fundi aliwasikiliza akakanyaga cherehani, na akaona kwamba anawapenda, wote, hata makelele yao.

Kisha siku moja mlinzi akaja. Alikuja kwa magongo, Bucha akiwa kando yake, na suruali mbili begani za kuachiwa mshono wa pembeni ili ziweze kupita juu ya chuma cha mguuni. Spika akampisha njia. Dada Fundi akapiga magoti kumpima, akafurahi kupiga magoti, maana hakujua angemtazama vipi usoni.

"Wewe ndiye dada yake," mlinzi akasema juu ya kichwa chake.

"Ndiye mimi, kaka."

"Wamekuja wengi pale kitandani. Na kamera, na maua. Wote wananiambia pole. Pole nimepewa mpaka nikakosa pa kuziweka." Akacheka kidogo, akahamisha gongo. "Huyu wako aliingia mikono mitupu akasema, ni mimi. Nilikasirika, sikufichi. Nilimwambia maneno mabaya. Akakaa akayasikiliza yote, na kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Sasa mke wangu akichelewa, yeye ndiye hunisaidia kutembea." Akamwekea mkono begani. "Nimekuja kukwambia ahsante. Umelea vizuri, Dada Fundi."

Wote wakaitikia, umelea, kweli umelea, Mzee Redio akiwa wa kwanza. Yalikuwa maneno aliyoyatamani maisha yake yote. Angeweza kuyapokea akanyamaza, na pini alikuwa nazo.

Akazitoa mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake, akasimama.

"Alinijia mimi kwanza," akasema. "Alikaa jikoni kwangu akaniuliza afanye nini. Mimi nikamwambia aseme uongo." Akamgeukia mlinzi, na safari hii akamtazama usoni. "Nilijua upo wodini na nilijua ni kaka wa nani. Nikamwambia hivyo hivyo. Nisamehe."

Mlinzi hakuondoa mkono wake begani mwake. Bucha alitazama nje dirishani, ingawa hakukuwa na mteja.

"Nimemlea, ndiyo, mpaka jikoni pale," Dada Fundi akasema. "Kutoka pale mmemlea nyinyi. Mlimuuliza nilichoogopa kumuuliza, na mmoja wenu akamshika mkono akampeleka." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Akawatazama mmoja mmoja, fundi viatu, mzee, mwalimu, muuza nyama, akasema ahsanteni, na kwa kuwa mara ya kwanza sauti haikutoka vizuri, akasema tena.